“Used to” bila kuteleza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Barua ilikuwa nzuri. Aliyeiandika, binti mmoja katika darasa langu la Kiingereza la jioni hapa Tanga, alikuwa akiomba kazi ya mapokezi hotelini. Aya ya pili ilianza hivi: “I used to work under pressure.” Alikusudia kusema kwamba amezoea kazi yenye presha. Karatasi ikasema kwamba zamani alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo, na siku hizi hafanyi tena. Sifa aliyoitegemea kuliko zote akawa ameikana kwa mkono wake.

Kosa hili nalisahihisha kila wiki, na wanaolifanya si wavivu. Wengi wamekariri kanuni na wanaweza kuitaja usingizini. Wakishika kalamu, wanateleza palepale. Nimekuja kuamini kwamba shida haianzi kwenye Kiingereza chao. Inaanza kwenye “zoea”, kitenzi chetu kimoja kinachobeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye sentensi ya Kiswahili, na Kiingereza kinafuata baadaye.

Mahitaji

Daftari jipya au kurasa nne tupu mfululizo. Usitumie karatasi za kuokoteza, maana utazirudia kesho.

Kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ya kuandikia, nyingine ya kuwekea alama.

Simu yenye kinasa sauti, kwa ajili ya hatua ya saba.

Kamusi ya Kiingereza yenye matamshi, ya kitabu au ya kwenye simu.

Muda: saa moja leo na dakika kumi na tano kesho. Usijaribu kumaliza yote ukiwa kwenye daladala.

Hatua ya 1: Andika sentensi kumi za maisha yako, kwa Kiswahili

Andika mambo ya kweli yanayokuhusu: ulikokulia, unavyoamka, chakula ulichoacha kula, kazi iliyokutesa mwanzoni ukaja kuiweza. Angalau sentensi nne ziwe na neno “zoea” katika umbo lolote.

Kwa nini ziwe zako? Kwa sababu sentensi ya kitabuni huijui ukweli wake. Ukisoma “John alizoea kucheza tenisi”, huwezi kujua kama John ameacha au bado anacheza. Sentensi yako unaijua, na hatua inayofuata inadai ujue.

Hizi ndizo nitakazotumia mimi:

1. Zamani nilikuwa nikiishi Muheza.
2. Nimezoea joto la Tanga.
3. Mama huamka saa kumi na moja alfajiri.
4. Bado sijazoea kuendesha gari usiku.
5. Hapa palikuwa na mwembe.
6. Niliishi Arusha miaka mitatu.
7. Usijali, utazoea tu.
8. Vifuu hutumika kuwashia moto.
9. Je, mlikuwa mkifuga mbuzi?
10. Tulizoea kucheza uwanja ule.

Umefanikiwa ikiwa mtu wa nyumbani kwako akizisoma hatauliza “una maana gani?”

Hatua ya 2: Ihoji kila sentensi kabla ya kuitafsiri

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukipita haraka, hatua zote zinazofuata hazitakusaidia.

Chukua kalamu ya rangi ya pili. Uliza kila sentensi maswali matatu, kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: jambo hili lilikuwa la kawaida zamani, na sasa limekwisha? Jaribu kuongeza mwishoni maneno “lakini siku hizi sivyo”. Maneno hayo yakikaa vizuri, andika Z pembeni, Z ya zamani.

Swali la pili: sentensi inasema kwamba jambo fulani halinisumbui tena, au bado linanisumbua kwa sababu ni geni kwangu? Jaribu kuongeza “sioni taabu” au “bado naona taabu”. Yakikaa, andika M, M ya mazoea.

Swali la tatu: inasema tu kinachotokea kila siku, bila kugusa taabu na bila kudai kwamba kimekwisha? Andika H, kwa ajili ya ile “hu-” ya huamka, hula, hupita.

Sentensi isiyoingia popote iache wazi. Zipo, na zina hatua yake.

Sasa tazama sentensi ya 10, “Tulizoea kucheza uwanja ule.” Huo ndio mtego mkubwa kuliko yote. Katika mazungumzo ya kila siku tunaitumia kumaanisha tu kwamba zamani tulikuwa tukicheza pale. Lakini maneno hayohayo yanaweza kumaanisha kwamba uwanja ulikuwa na mawe na miiba, mwanzoni tukalia, mwishowe tukauzoea. Kiswahili hakioni tatizo, kwa kuwa anayekusikiliza anamaliza kwa akili yake. Kiingereza kitakulazimisha uchague. Kama unasimulia utoto tu, ni Z. Kama unasimulia miiba, ni M.

Onyo: usiruhusu neno “zoea” peke yake likupe jibu. Kinachoamua herufi ni maana.

Umefanikiwa ikiwa kila herufi uliyoweka unaweza kuitetea kwa kutaja maneno uliyoongeza, iwe ni “siku hizi sivyo” au “sioni taabu”.

Hatua ya 3: Sentensi za Z zipe “used to” na kitenzi kitupu

Muundo ni mmoja kwa watu wote: mtenda, kisha “used to”, kisha kitenzi kisichoongezewa chochote. I used to live. She used to live. They used to live. Hakuna “am” kabla yake, hakuna “-ing” baada yake.

Sentensi ya 1 inakuwa: “I used to live in Muheza.” Msikilizaji anaelewa bila kuambiwa kwamba sasa unaishi kwingine.

Muundo huu unafaa kwa matendo na kwa hali pia. Lubumbashi iliitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966, kwa hiyo tunasema: “Lubumbashi used to be called Élisabethville.” Dodoma haikuwa makao makuu ya nchi tangu mwanzo, kwa hiyo: “Dar es Salaam used to be the capital of Tanzania.”

Kwa “palikuwa na” na “kulikuwa na”, anza na “there”. Sentensi ya 5: “There used to be a mango tree here.” Wanafunzi wangu wengi hawaijui sentensi hii, ilhali ndiyo inayohitajika kila unapomtembeza mgeni mtaani kwenu na kumwonyesha vilivyoondoka.

Onyo la kwanza linahusu hesabu. Ukitaja muda kamili au idadi ya mara, “used to” haina nafasi. Sentensi ya 6 imeachwa wazi kwa sababu hiyo: “I lived in Arusha for three years.” Vilevile “I went to Pemba twice”, kwa kuwa mara mbili haijawa desturi.

Onyo la pili ni la “would”. Mzungumzaji wa Kiingereza akisimulia utoto wake huweza kusema “My grandmother would tell us stories every night.” Ni sahihi, na inapendeza masikioni. Lakini “would” hiyo inabeba matendo yanayojirudia tu. Huwezi kuipa hali. Kusema “I would have a bicycle” ukikusudia kwamba zamani ulikuwa na baiskeli ni kosa, sema “I used to have a bicycle.” Ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, chukua “used to”, maana hiyo inabeba yote mawili.

Jihadhari pia na “nilikuwa na-”. “Nilikuwa navuta sigara” inaweza kuwa tabia uliyoiacha, nayo ni “I used to smoke.” Lakini “Nilikuwa navuta sigara uliponipigia” ni jambo la dakika ileile: “I was smoking when you called me.” Ukiona “ulipo-” au “alipo-” pembeni, simama kwanza uulize ni lipi kati ya hayo.

Hatua ya 4: Sentensi za M zidai “be” au “get”

Nimekaa na hatua hii muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayoharibu barua za kazi.

Anza na jambo unalolijua tayari. “Nimechoka” kwa Kiingereza ni nini? “I am tired.” Hakuna anayesema “I have tired.” Ile “-me-” ya nimechoka inaonyesha hali uliyomo sasa, baada ya jambo kukufika. “Nimezoea” ni vivyo hivyo. Umefika, uko ndani ya hali hiyo. Basi:

Nimechoka: I am tired.
Nimezoea: I am used to it.

Weka mistari hiyo miwili juu ya ukurasa na uizungushie rangi. Itakuzuia kuandika “I have used to”, kosa ambalo linatokana moja kwa moja na “-me-” yetu.

Sentensi ya 2 inakuwa: “I am used to the heat in Tanga.”

Sasa, je, kinachozoewa kikiwa ni tendo? Kitenzi kinachofuata kinachukua “-ing”. “I am used to waking up early.” “I am used to working under pressure.” Watu huniuliza kwa nini, wakati darasani walifundishwa kwamba baada ya “to” huja kitenzi kitupu. Jibu ni kwamba “to” hii si ile ya “to go” na “to eat”. Hii inaelekeza kwenye kitu, na kitenzi kikitaka kukaa mahali pa kitu lazima kivae “-ing”.

Kipimo chake tunacho ndani ya Kiswahili. Ukiweza kuchomeka kiwakilishi cha kitu katikati ya kitenzi, kama nimeizoea, nimelizoea, nimekizoea, basi Kiingereza nacho kitakubali “it”: “I am used to it.” Palipokaa “it” panaweza kukaa nomino, au kitenzi chenye “-ing”. Jaribu hivyo kwa sentensi ya Z, “I used to it”. Haikai hata kidogo, na hapo unajua uko kwenye muundo mwingine.

Sikio hilohilo litakusaidia mwishoni mwa barua yako. “I look forward to hearing from you” ina “to” ya aina hii, ndiyo maana ni “hearing”. “I am accustomed to working” nayo ni hivyo. Ni ndugu wa “used to” mwenye nguo za ofisini, anafaa kwenye barua rasmi kuliko kwenye maongezi.

Kisha tofautisha “be” na “get”. “Be” ni aliyekwisha fika. “Get” ni aliye njiani. Kiswahili chetu kinaonyesha jambo hili kwa viambishi vya wakati, nami nimeyapanga hapa yale yanayoulizwa zaidi:

Naanza kuizoea: I am getting used to it.
Nimeshaizoea: I am used to it now.
Sijaizoea: I am not used to it yet.
Nitaizoea: I will get used to it.
Niliizoea baada ya mwezi: I got used to it after a month.
Nilikuwa nimeizoea: I was used to it.
Siwezi kuizoea: I can't get used to it.

Kwa hiyo sentensi ya 4 ni “I am still not used to driving at night”, na ya 7 ni “Don't worry, you will get used to it.”

Onyo: lipo “zoea” moja ambalo halivuki kabisa. Mtu akikuambia kwa ukali “Usinizoee!”, hakukatazi kuzoea uso wake. Anakukataza kumletea utani na kumvunjia heshima. “Don't get used to me” haibebi ukali huo. Karibu zaidi ni “Don't take liberties with me”, na mara nyingi “Show some respect” inatosha.

Umefanikiwa ikiwa kila sentensi yako ya M ina “am”, “is”, “are”, “was”, “were” au umbo fulani la “get” mbele ya “used to”. Pitisha kidole chini ya kila mstari uone. Katika barua ya yule binti kilichokosekana ni herufi m na alama ndogo juu, pamoja na “-ing”. Vitu vidogo hivyo ndivyo vilivyobeba maana yote.

Hatua ya 5: Sentensi za H zinyime “used to”

“Mama huamka saa kumi na moja alfajiri.” Wengi wataandika “My mother use to wake up.” Wanatafuta neno la kushika mahali pa “hu-”, na hilo ndilo lililo karibu. Lakini “used to” haina wakati uliopo. Mazoea ya sasa Kiingereza kinayasema kwa kitenzi cha kawaida tu: “My mother wakes up at five in the morning.” Ukitaka kukazia, ongeza “usually” au “always”.

Umeona saa? Kumi na moja yetu ni “five”. Nimewahi kusahihisha sarufi yote ya mwanafunzi, akabaki na mama anayeamka “at eleven”.

Sentensi ya 8 nayo ni H, ila imevaa kitenzi “tumika”. “Coconut shells are used to light fires.” Ina “are used to”, inafanana kwa macho na zile za M, lakini hapa vifuu havijazoea chochote. Vinatumiwa. Kipimo: ukiweza kuweka “hutumika ku-”, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu, “to light”, wala si “to lighting”.

Hatua ya 6: Kukana na kuuliza

Kwa Z, “did” na “didn't” ndizo zinazobeba wakati uliopita, kwa hiyo “d” ya “used” inaondoka: “Did you use to keep goats?” Hiyo ndiyo sentensi ya 9. Na “We didn't use to lock the door.” Utakuta watu wanaandika “didn't used to”, kwenye mtihani usiige. Njia iliyo salama zaidi ni “never”, maana haina utata wa herufi: “We never used to lock the door.”

Kwa M geuza “be” kama kawaida: “Are you used to the food here?” “No, I'm not used to it yet.” Hapa “d” haiguswi kamwe.

Hatua ya 7: Zisikie kwa masikio yako

Fungua kamusi usikilize. “Used” ya kutumia ina z ya zawadi: “yuuzd”. “Used to” ya zamani na ya mazoea ina s ya sasa, na maneno mawili yanaungana kuwa kama moja: “yuustu”. Sisi tumezoea kila konsonanti ifuatwe na irabu, ndiyo maana wengi hutamka “yuzidi tu”. Mgeni anaweza kukuelewa, lakini atasikia “nilitumia” kwanza.

Jirekodi ukisema mfululizo: “I used a knife. I used to cook. I'm used to cooking.” Sikiliza, kisha rudia mara tano. Katika ile ya tatu hakikisha m inasikika midomo ikifunga. Ukiimeza, umerudi kwenye “I used to”.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyeona daftari lako, akisikiliza rekodi tu, anaweza kukuambia ipi ni kisu, ipi ni zamani, ipi ni mazoea.

Hatua ya 8: Kesho yake, geuza kinyume

Usiku upite kwanza. Kesho funika upande wa Kiswahili, soma sentensi zako za Kiingereza peke yake, na uzirudishe kwa Kiswahili kwa mdomo. Sentensi ya 10 ikiwa umeiandika “We used to play in that field”, lazima irudi “tulikuwa tukicheza”. Ikiwa umeiandika “We were used to playing in that field”, lazima irudi na miiba yake.

Inayorudi na maana nyingine iwekee alama, kisha irudishe hatua ya pili. Usiihangaikie kwenye sarufi. Mara nyingi utakuta uliipa herufi isiyo yake.

Yule binti aliirudisha barua yake jioni iliyofuata, baada ya kuiuliza sentensi moja tu swali la pili: ninaona taabu, au sioni? Akaandika upya kwa kalamu ya bluu, m akaikandamiza mpaka karatasi ikaacha alama upande wa pili: “I'm used to working under pressure.”